Fonimu au alofoni? Jinsi ya kuamua, kwa mifano ya Kiingereza na Kitagalogi

Kuna swali la fonolojia ambalo ni nadra kukosekana kwenye mitihani ya isimu. Unapewa maneno kadhaa ya lugha usiyoijua, yameandikwa kwa alama za kifonetiki, kisha unaulizwa: je, [d] na [ɾ] katika lugha hii ni fonimu mbili au ni alofoni za fonimu moja? Wengi hulijibu kwa sikio. Wanayasoma maneno kimoyomoyo, wanaona wazi kwamba "d" na "r" hazifanani, wanaandika "fonimu mbili" na kupita. Sikio hilo limelelewa na Kiswahili, lugha ambayo duka na ruka ni maneno mawili. Ukivuka mpaka wa Kiswahili, sikio halina madaraka tena.

Mwongozo huu unaonyesha njia ya kufika kwenye jibu bila kubahatisha. Nimechukua Kiingereza kwa sababu wengi wetu tunakijua, na Kitagalogi, lugha ya Manila na mikoa inayoizunguka, ambayo ndiyo msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino. Anayefanya kazi Doha au Dubai huenda anakisikia kila siku kazini. Nimezichagua kwa pamoja kwa sababu zina sauti kadhaa zinazofanana, lakini kila moja imezipa kazi yake. Sauti ambayo Mwingereza haitambui hata kama anaitoa, kwa Mtagalogi ndiyo inayotenga neno na neno.

Tukubaliane kwanza juu ya alama. Mabano ya mraba, kama [t], yanaonyesha sauti jinsi ilivyotoka kinywani. Mikwaju, kama /t/, inaonyesha fonimu, yaani kile ambacho msemaji anakihesabu kuwa sauti moja akilini mwake. Fonimu haitamkiki. Kila unapofungua mdomo unatoa mojawapo ya alofoni zake, yaani namna mbalimbali za kuitamka fonimu hiyohiyo. Alama ˈ huwekwa mbele ya silabi yenye mkazo.

Hatua ya 1: Andika kinachosikika, si kilichoandikwa

Tahajia ni uamuzi wa watu fulani wa wakati fulani, na mara nyingi inaficha kile unachokitafuta. Chukua maneno ya Kiingereza pin na spin. Kwenye karatasi p ni ileile. Sasa mwambie Mwingereza au Mmarekani ashike kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo na kuyatamka. Kwenye pin karatasi inarushwa na pumzi, kwenye spin inatulia. Ya kwanza ni [pʰ], yenye mpumuo, ya pili ni [p] tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa t katika top na stop, na kwa k katika kill na skill. Ukifanya jaribio hilo kwa lafudhi yako mwenyewe huenda karatasi isisogee mara zote mbili. Usidhani umekosea, umepata tu taarifa kuhusu lafudhi yako.

Kitagalogi kinaficha mambo mengine. Magazeti ya Manila yataandika tubo, herufi nne, bila alama yoyote juu. Lakini hayo ni maneno matatu:

- [ˈtubo] ni bomba la kupitishia maji
- [tuˈbo] ni muwa
- [ˈtuboʔ] ni faida, au kukua

Katika mawili ya kwanza kilichobadilika ni mkazo tu. Kiswahili kinao mfano wa namna hiyo, barabara ya magari na barabara yenye maana ya "sawasawa", ila kwetu ni jambo la nadra na kwa Watagalogi ni la kawaida. Aso yenye mkazo mwanzoni ni mbwa, yenye mkazo mwishoni ni moshi. Bukas ni "kesho" au "wazi", kutegemea mkazo. Neno la tatu linamalizika kwa [ʔ], kizuio cha glota: nyuzi za sauti zinafungana ghafla na pumzi inakatika. Waliosoma Kurani wanaijua sauti hii kwa jina la hamza. Kamusi za Kitagalogi huwa na alama za kuonyesha mambo haya. Maandishi ya kawaida hayana, msomaji anajaza mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuchambua chochote tafuta msemaji, au rekodi, au kamusi yenye alama. Msemaji mmoja mzuri anatosha kwa kuanzia: Leonard Bloomfield alichapisha uchambuzi wake maarufu wa Kitagalogi mwaka 1917 akitegemea masimulizi ya mwanafunzi mmoja Mfilipino aliyekuwa akisoma Illinois.

Hatua ya 2: Tafuta jozi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Tafuta maneno mawili yenye maana tofauti, yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa sauti moja, tena mahali palepale. Vitabu vyetu huyaita jozi mlinganuo finyu. Ukiipata jozi ya kweli, sauti hizo mbili ni fonimu mbili na huna haja ya kuendelea.

Kiingereza: pan na fan, hivyo /p/ na /f/. Sin na sing, hivyo /n/ na /ŋ/. Kitagalogi nacho kinatenga /n/ na /ŋ/: talon ni kuruka (au maporomoko ya maji), talong ni biringanya. Mswahili hapo anapeta, kwa kuwa ŋ ni ng' yetu ya ng'ombe, na kama sisi, Watagalogi huanza neno nayo: ngayon, "sasa", hutamkwa kama ng'ayon. Waingereza hawana neno linaloanza hivyo na ulimi wao huhangaika sana. Wanapotaka sauti ya ngoma yetu, Watagalogi huandika g mbili, kama katika langgam, sisimizi.

Sasa kizuio cha glota. Kitagalogi kina [ˈbata], joho la kuvaa nyumbani, na [ˈbataʔ], mtoto (ndege yule wa kwetu hahusiki). Mkazo ni mmoja, irabu ni zilezile, kilichoongezeka ni [ʔ] tu na maana imegeuka. Basi /ʔ/ ni fonimu ya Kitagalogi, kamili kama /t/ au /k/, ingawa haina herufi.

Ukiwa na shaka kama neno lina kizuio hicho mwishoni, lipe kiambishi tamati. Neno lisilo nacho huingiza h: basa, soma, huwa basahin. Neno lenye nacho halina h: kutokana na [ˈbataʔ] unapata kabataan, ujana, na kizuio kinasikika kati ya zile a mbili. Napenda sana jaribio hili kwa sababu haliwezi kudanganywa na tahajia wala na msemaji anayetamka haraka.

Kiingereza nacho kina [ʔ]. Sikiliza Wamarekani na Waingereza wengi wakisema button, au Mlondoni wa mtaani akisema water au bottle: pale tuliposubiri t, koo limejifunga. Tafuta jozi. Tafuta mpaka uchoke. Hutapata maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa sababu moja ina [t] na nyingine ina [ʔ]. Mlondoni anayesema water kwa [t] na anayesema kwa [ʔ] wanaomba maji yaleyale, ingawa utawatambua wanatoka mitaa gani.

Onyo moja kuhusu kumwuliza msemaji. Usimwulize "sauti hizi ni sawa?" maana atajitahidi kusikia tofauti ili akufurahishe. Mwulize "hili ni neno moja au mawili?" Hilo analijua bila kusomea isimu.

Hatua ya 3: Jozi ikikosekana, panga mazingira

Kukosa jozi si ushahidi kamili. Labda hujatafuta vya kutosha. Chora safu mbili, moja kwa kila sauti, na chini ya kila safu andika sauti hiyo inatokea wapi: mwanzoni mwa neno, mwishoni, baada ya nini, kabla ya nini, kwenye silabi yenye mkazo au la.

Tuifanyie kazi /t/ ya Kiingereza cha Marekani, maana ndiyo inayowashangaza Waswahili wengi. [tʰ] inatokea mwanzoni mwa silabi yenye mkazo: top. [t] bila mpumuo inatokea baada ya s: stop. [ʔ] inatokea kabla ya n ya button. Na kati ya irabu mbili, ya pili ikiwa haina mkazo, inatokea [ɾ], mpigo mmoja mwepesi wa ncha ya ulimi kwenye ufizi. Hiyo ndiyo maana vijana wetu wakimwiga Mmarekani husema "wara". Hawajakosea, wamesikia sawasawa: [ɾ] hiyo kwa Mswahili ni r. Linganisha atom na atomic. Katika atom mkazo uko mwanzoni na t inageuka [ɾ]. Katika atomic mkazo umehamia kwenye silabi ya t, na t inarudi kuwa [tʰ]. Mzizi mmoja, mkazo ukisogea na sauti inabadilika. Ushahidi safi kuliko huo ni vigumu kuupata.

Sauti zikigawana mazingira namna hiyo, ilipo moja nyingine haipo, huitwa mgawanyo wa kiutoano. Hapo ni alofoni.

Kuna pia sauti zinazoweza kukaa mahali pamoja bila kubadili maana. Huo ni mpishano huru. Mtagalogi anaweza kusema hindi au hinde, zote ni "hapana". K ya bakit, "kwa nini", iliyo kati ya irabu, mara nyingine hulegea na kukaribia kh ya Kheri. P ya mwisho katika stop ya Kiingereza inaweza kuachiliwa ikasikika, au midomo ikafungwa tu basi. Usipoteze muda mwingi hapa. Andika "mpishano huru", toa mfano, endelea.

Hatua ya 4: Hakikisha sauti zina undugu

Hatua fupi lakini imewaangusha wengi. Katika Kiingereza [h] haimalizi neno kamwe na [ŋ] hailianzi kamwe. Ukichora safu zako utaona mgawanyo wa kiutoano usio na doa. Je, ni alofoni za fonimu moja? Hapana. Moja ni pumzi ya kooni, nyingine ni king'ong'o cha kaakaa laini. Hazishirikiani karibu chochote. Alofoni lazima zifanane kifonetiki kiasi cha mtu kukubali kwamba moja imetokana na nyingine. [t] na [ɾ] zote hutamkiwa kwenye ufizi, kwa hiyo zinapita.

Hatua ya 5: Tenga maneno ya mkopo

Sasa turudi kwenye lile swali la [d] na [ɾ]. Haya ni maneno ya asili ya Kitagalogi, ambamo r ni [ɾ]:

- dagat, bahari
- bundok, mlima
- bayad, malipo
- dumi, uchafu
- marumi, -chafu
- bayaran, lipa
- mandaragat, baharia

Panga mazingira. [d] iko mwanzoni mwa neno, baada ya konsonanti na mwishoni. [ɾ] iko kati ya irabu. Dumi ikipata ma- mbele yake, d imebanwa na irabu mbili na inakuwa r. Bayad ikipata -an, vivyo hivyo. Mandaragat linatosha lenyewe: kwenye mzizi dagat silabi ya kwanza imerudiwa, d ya kwanza imekaa baada ya n ikabaki d, ya pili imeangukia kati ya irabu ikawa r. Kwa orodha hii jibu ni moja tu: alofoni za fonimu /d/.

Na Watagalogi wa kale walikubaliana nawe. Hati yao ya zamani, Baybayin, ambayo ilitumika kuchapia kitabu cha mafundisho ya dini Manila mwaka 1593, ilikuwa na alama moja tu ya da na ra. Waandishi wake hawakuona haja ya mbili.

Kisha wakaja Wahispania. Waliitwaa Manila mwaka 1571 na wakakaa hadi 1898, na Kitagalogi kikachukua maneno yao kwa mamia. Mengine yana d kati ya irabu, kama adobo, mengine yanaanza na r, kama radyo na ruta. Leo Mtagalogi anasema todo, "kwa nguvu zote", na toro, fahali. Hiyo ni jozi. Yote mawili ni mkopo, lakini mkopo ukishazoeleka ni mali ya lugha, na msemaji wa leo anazitenga sauti hizo bila kufikiri.

Kwa hiyo swali moja lina majibu mawili. Katika msamiati wa asili [d] na [ɾ] zilikuwa alofoni. Katika Kitagalogi cha leo /d/ na /ɾ/ ni fonimu mbili. Orodha ya mtihani ikiwa na maneno ya asili tu, jibu kulingana na orodha. Ikiwa na radyo ndani yake, imewekwa makusudi. Itazame.

Hatua ya 6: Usichanganye kubadilishana na kuwa alofoni

Mtu atauliza: kama ni fonimu mbili, mbona dumi bado inageuka marumi? Mbona watu husema ako rin, "mimi pia", lakini baada ya konsonanti husema din? Jibu liko kwenye Kiswahili chenyewe. Tunasema mti mrefu lakini nyumba ndefu. Ulimi mmoja lakini ndimi mbili. R inageuka d baada ya n, l nayo inageuka d. Hakuna atakayedai kwamba r na d ni alofoni katika Kiswahili wakati duka na ruka yapo. Ni fonimu mbili zinazobadilishana katika mazingira fulani ya maumbo ya maneno. Kitagalogi cha leo kiko hapohapo: kanuni ya zamani imebaki kwenye viambishi, lakini sauti zimekwisha kujitegemea.

Upande wa pili wa jambo hili ni fonimu mbili kushirikiana alofoni moja. Wamarekani wengi hutamka latter na ladder karibu sawa, zote kwa [ɾ]. Hiyo haifuti /t/ na /d/ ya Kiingereza. Ten na den bado zipo. Ni pale tu, kati ya irabu, ambapo tofauti imezimika.

Kuandika jibu

Jibu zuri lina mambo matatu: hukumu, ushahidi, kanuni. Kwa mfano: "Katika data hii [d] na [ɾ] ni alofoni za /d/. Hakuna jozi, na mgawanyo ni wa kiutoano. /d/ → [ɾ] kati ya irabu. Penginepo ni [d]." Alofoni inayoonekana kwenye mazingira mengi zaidi ndiyo huchukuliwa kuwa jina la fonimu. Usiandike kanuni kinyume ukasema [ɾ] inageuka [d] mwanzoni, na mwishoni, na baada ya konsonanti. Ukihitaji "na" mbili, umeanzia upande usiofaa.

Na kwa anayetaka kusema lugha hizi kuliko kufanya mtihani: alofoni si pambo. Mwingereza hajui kwamba anatoa mpumuo kwenye pin, lakini sikio lake linautegemea. Wafilipino hutamka p, t na k bila mpumuo, na wakisema pin hivyo Mwingereza anaweza kusikia bin. Mwalimu atakayekaza kufundisha "p ni p" hatalitatua. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu wana bahati, maana kwao mpumuo unatenga maneno: paa la nyumba halina, paa wa porini anao. Waambie watamke pin kwa p ya yule mnyama.

Zoezi

Katika Kitagalogi, je, [o] na [u] ni fonimu mbili?

- tulog, usingizi. Tulugan, mahali pa kulala
- inom, kunywa. Inumin, kinywaji
- bundok, mlima. Kabundukan, safu ya milima
- laro, mchezo. Laruan, kitu cha kuchezea
- oso, dubu. Uso, mtindo unaovuma

Jozi nne za kwanza zinaonyesha [o] kwenye silabi ya mwisho na [u] kwingineko. Kiambishi kikiongezwa silabi inaacha kuwa ya mwisho na irabu inapanda. Baybayin nayo ilikuwa na alama tatu tu za irabu: moja ya a, moja ya e na i, moja ya o na u. Mstari wa tano ni wa Kihispania, na ndio unaofanya jibu la leo kuwa "ndiyo". Anayeandika "alofoni" hajafika mstari wa tano. Anayeandika "fonimu mbili" akanyamaza hajaeleza kwa nini tulog inakuwa tulugan, na hapo ndipo penye alama nyingi.